Gurudumu limezunguka mara ngapi? Dalili za hesabu iliyokosewa na jinsi ya kuirekebisha

Kila nikifika kwenye mada ya duara na darasa la saba, madaftari hunirudia na majibu yaleyale yasiyo sahihi. Si mengi. Ukisahihisha kwa miaka michache unayajua kwa sura: huyu kaandika 1,000, huyu 250, yule 28 na sehemu, na kabla hujasoma njia yake umeshajua alipojikwaa. Baadaye walimu wa michezo, mafundi baiskeli na vijana wa bodaboda nao wakaanza kuniletea maswali yao, na mengi yalikuwa na shina hilohilo. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Angalia jibu lako linafanana na lipi, kisha soma sababu zake. Iliyozoeleka zaidi inatangulia.

Kanuni yenyewe ni fupi. Gurudumu likizunguka mara moja bila kuteleza, linasogea mbele umbali ulio sawa na mzingo wake. Kwa hiyo mizunguko ni umbali gawanya kwa mzingo, na mzingo ni pai mara kipenyo. Nitatumia swali moja la mfano karibu kote: gurudumu la baiskeli lina kipenyo cha sm 70, je, litazunguka mara ngapi katika mwendo wa km 1.1? Mzingo ni 22/7 × 70, yaani sm 220. Kilomita 1.1 ni sm 110,000. Gawanya, unapata mizunguko 500.

Kagua hili kabla ya lolote

Baiskeli ya mtu mzima husogea mita mbili na kidogo kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kilomita moja ni mizunguko kati ya 450 na 500. Gari dogo ni kama 500 hadi 520, na pikipiki ya bodaboda yenye tairi la nyuma la 3.00-17 inakaribia 545. Kariri namba hizi tatu. Kama jibu lako la kilomita moja ni 5, au 45,000, usiende kupima tairi wala kujaza upepo: kosa liko kwenye karatasi. Kama limepishana na hizi kwa mizunguko kumi au ishirini, hapo ndipo tairi lenyewe linaingia kwenye mashaka.

Dalili: jibu ni mara mbili ya linalotakiwa, au nusu yake

Kwa swali letu utakuwa umepata 1,000 au 250. Hili ndilo kosa kuu kuliko yote, na sababu yake karibu kila mara ni kuchanganya kipenyo na nusukipenyo.

Aliyepata 1,000 amechukua nusukipenyo, sm 35, akaizidisha kwa pai na kuishia hapo. Mzingo wake umekuwa sm 110, gurudumu la baiskeli ya mtoto. Alisahau ile 2 iliyo kwenye kanuni ya pai mara mbili nusukipenyo. Aliyepata 250 amefanya kinyume: swali limempa kipenyo, yeye akakiita nusukipenyo, akazidisha kwa 2 tena. Mzingo wake ni sm 440, gurudumu linalomfika mtu mzima karibu na mabega.

Namna ya kukagua ni kuchora. Chora duara, weka ekseli katikati, kisha chora mstari wa urefu uliopewa. Kama maneno ya swali ni "kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati", mstari unapita kwenye ekseli na kutokea upande wa pili. Hicho ni kipenyo. Kama ni "urefu wa spoki" au "kutoka ekseli hadi ukingo", ni nusukipenyo. Mwanafunzi anayechora hakosei hapa mara mbili.

Kwa yule anayerudia kosa hata baada ya kuchora, huwa naachana na kanuni kabisa na kuchukua kifuniko cha ndoo. Chetu cha darasani kina kipenyo cha sm 28. Tunazungusha uzi wa kushonea viatu kwenye ukingo wake, tunaukata pale unapokutana, halafu tunautandaza juu ya kifuniko, ng'ambo hadi ng'ambo, tukihesabu. Mara moja. Mbili. Tatu. Kinabaki kipande kidogo, urefu wa kucha mbili za dole gumba hivi. Tukikipima ni sm 4, ambayo ni moja ya saba ya 28. Tatu na moja ya saba: hiyo ndiyo 22/7, na mtoto ameishika mkononi. Sijapata kuona aliyefanya hivi akasahau tena kwamba pai hukaa na kipenyo.

Sababu ya nadra ya dalili hii ipo kwenye vifaa. Kompyuta ndogo za baiskeli huhesabu mizunguko kwa sumaku iliyofungwa kwenye spoki, ambayo hupita mbele ya sensa kwenye foki. Mtu akifunga sumaku mbili, kila mzunguko unahesabiwa mara mbili. Ondoa moja.

Dalili: jibu ni 28.57, au 7.14

Umetafuta eneo badala ya mzingo. Pai mara nusukipenyo mara nusukipenyo inakupa sm 3,850 za mraba, na huwezi kugawanya urefu kwa eneo ukapata idadi ya mizunguko. Aliyepata 7.14 amefanya kosa hili na lile la kwanza kwa pamoja: ametumia 70 kama nusukipenyo. Andika vipimo pembeni ya kila namba. Ukiona neno "mraba" limejitokeza kwenye swali la gurudumu linalotembea, simama, futa, anza upya.

Dalili: sifuri zimekimbia

Jibu ni 5, au 50, au 0.005. Hapa tarakimu ni sahihi lakini vipimo vimegombana. Kila jibu linataja kosa lake:

5 – umegawanya mita kwa sentimita (1,100 ÷ 220).
0.005 – umegawanya kilomita kwa sentimita (1.1 ÷ 220).
50 – ulijua lazima ubadili, ila umechukua kilomita moja kuwa sm 10,000. Ni sm 100,000.
2,420 – hili si la sifuri, lakini huwa linaletwa pamoja na hayo. Umezidisha umbali kwa mzingo. Kuzidisha ni pale ambapo mizunguko unaijua na unatafuta umbali.

Ushauri wangu ni kubadili vyote viwili kuwa mita kabla ya kugusa alama ya kugawanya. Mita 1,100 kwa mita 2.2. Namba zinabaki fupi na macho yanaweza kuzikagua. Ukianza na inchi, kama ilivyo kwa baiskeli nyingi, inchi moja ni sm 2.54, fanya badiliko hilo kwanza, mapema kabisa, usilibebe hadi mwisho.

Dalili: jibu lina desimali isiyoisha

Chukua gurudumu hilohilo kwa kilomita moja: 1,000 ÷ 2.2 = 454.5454... Hakuna kosa. Swali ni unaulizwa nini. Likisema "mizunguko mingapi kamili", ni 454, na gurudumu bado liko mita 1.2 nyuma ya alama. Likisema "lizunguke mara ngapi ili livuke alama", ni 455. Likiomba idadi tu, acha desimali moja au mbili. Wanafunzi hupoteza alama hapa kwa kukadiria juu kwa mazoea, kwa kuwa 0.54 imezidi nusu. Lakini gurudumu ambalo halijamaliza mzunguko halijaumaliza.

Na kama umepata 500.45 pale ambapo mwenzako kapata 500, wewe umetumia 3.14 na yeye 22/7. Tumia ile iliyotajwa kwenye swali. Nasema hivi kwa kuwa nimeona ugomvi mkubwa juu ya jambo hili kuliko linavyostahili. Archimedes alionyesha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba pai ni ndogo kidogo kuliko 22/7 na kubwa kuliko 223/71. Katika kilomita 10, kutumia 22/7 kunakupotosha kwa mita 4, na 3.14 kwa mita 5. Kukosea mzingo kwa sentimita moja tu wakati wa kupima kunakupotosha kwa mita 45. Nguvu ya kubishana ipelekwe kwenye tepu.

Dalili: hesabu ni safi, lakini barabarani hailingani

Hii ndiyo inayonigusa zaidi, maana iliwahi kuniumiza.

Tulitaka kupima njia ya kilomita 3 kwa mbio za shule. Tulichukua baiskeli ya inchi 26, tukapiga hesabu: inchi 26 ni sm 66.04, mzingo sm 207.5, kwa hiyo kilomita 3 ni mizunguko 1,446. Tukafunga kitambaa chekundu kwenye spoki, mmoja akaendesha, wawili wakafuata kwa miguu wakihesabu. Mbio zikakimbiwa. Binti mmoja akapata muda mzuri kuliko wote tuliowahi kuandika, akaenda nyumbani akiwa na furaha ya kuonekana kwa mbali. Wiki iliyofuata nikapima lile gurudumu chini kwenye saruji. Mzingo wake ulikuwa sm 203. Njia yetu ilikuwa mita 2,935. Ilipungua mita 65. Ilibidi nimwambie yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo sipimi kitu kwa namba iliyoandikwa kwenye tairi.

Sababu, kwa mpangilio wa zile ninazokutana nazo mara nyingi:

Namba ya tairi ni jina, si kipimo. Inchi 26 au 28 ni majina ya zamani yaliyobaki. Tairi la 26 × 1 3/8 hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha mm 590, na la 26 × 1.75 kwenye rimu ya mm 559. Yote mawili yanaitwa 26 na hayabadilishani. Baiskeli zile nzito za kubebea mizigo zenye tairi la 28 × 1 1/2 zina rimu ya mm 635, wakati za mbio zinazoitwa 700C zina mm 622. Tafuta ubavuni mwa tairi jozi ya namba iliyoandikwa kama 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Kipenyo cha nje kinakaribia 559 + 47 + 47, yaani mm 653. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko inchi.

Uzito na upepo. Tairi likikaliwa linabonyea pale linapogusa ardhi, na lisilojaa linabonyea zaidi. Linasogea kidogo zaidi ya ulivyodhani? Hapana, linasogea pungufu, hivyo mizunguko inaongezeka. Ndiyo maana ukipima mzingo wa baiskeli tupu kisha ukaiendesha na gunia nyuma, namba hazitakutana.

Njia yenyewe. Gurudumu linapima pale lilipopita. Ukiyumba kulia na kushoto kukwepa mashimo, umepima kuyumba kwako. Kwenye kona, anayepita nje anapima ndefu kuliko anayepita ndani.

Joto. Asubuhi upepo ndani ya tairi umepoa, saa saba mchana umetanuka na tairi limevimba kidogo. Tofauti ni ndogo, ila kwenye umbali mrefu inaonekana.

Kuteleza na matope. Gurudumu la nyuma, linalosukuma, huweza kuzunguka bila kusogea kwenye mchanga. Ukifunga breki kwa nguvu linasogea bila kuzunguka. Tope likiganda kwenye tairi linaongeza mzingo, na mizunguko inapungua. Kwa sababu hizi hesabu kwa gurudumu la mbele, na likwangue.

Dawa ya zile sababu zinazotokana na tairi lenyewe ni kupima mzingo kwa kuviringisha. Jaza upepo kama utakavyoendesha. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, veranda ya shule inatosha. Simamisha baiskeli valvu ya gurudumu la mbele ikiwa chini kabisa, ikiitazama ardhi, na uweke alama ya chaki pale. Panda, uzito wako uwe juu yake, mtu akushikilie usianguke. Sogea mbele taratibu kwa mstari ulionyooka huku mwenzako akiitazama valvu: inapanda juu, inashuka, moja, inapanda, inashuka, mbili. Fika kumi. Kwenye kumi valvu ikiwa chini tena, weka alama ya pili. Pima kati ya alama kwa tepu, gawanya kwa kumi. Kwa nini kumi? Kwa kuwa ukikosea sentimita mbili kwenye alama ya chaki, kila mzunguko umekosewa milimita mbili tu. Rudia mara tatu. Majibu yakipishana kwa zaidi ya sentimita moja kwa mzunguko, kuna kitu kinateleza au mstari wako umepinda.

Hapo hapo mwanafunzi mmoja aliniuliza swali zuri: kijiwe kilichonasa kwenye tairi kimesafiri umbali gani katika mzunguko mmoja, si ni mzingo? Sivyo. Baiskeli imesogea mzingo mmoja, lakini kijiwe kimepanda na kushuka kwa upinde, na upinde huo una urefu wa vipenyo vinne kamili. Kwa gurudumu la sm 70 ni sm 280, wakati baiskeli imesogea sm 220. Ukiulizwa kuhusu kijiwe au msumari kwenye tairi, usitumie mzingo.

Dalili: mita ya gari au pikipiki hailingani na hesabu

Soma kwanza maandishi ya tairi. 195/65R15 maana yake upana mm 195, ubavu asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 15. Ubavu ni mm 126.75, ukijumlisha mbili na rimu ya mm 381 unapata kipenyo cha mm 634.5. Kwa pai kamili mzingo ni mm 1,993, mizunguko 502 kwa kilomita. Ila tairi la gari limebeba uzito, na viwango vya tairi vya Ulaya hutumia 3.05 mahali pa pai kwa tairi za radial. Hapo unapata mm 1,935 na mizunguko 517. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu na barabara. Usijaribu kupima kutoka ekseli hadi chini kisha ukazidisha kwa pai mara mbili. Tairi limebonyea pale chini tu, na jibu litakuwa dogo mno.

Sababu ya kawaida ya kutolingana ni kwamba unaangalia spidi badala ya odomita, ile namba ya jumla ya kilomita zilizosafiriwa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mita ya spidi kuonyesha chini ya mwendo halisi, lakini inaruhusu ionyeshe juu, hadi asilimia 10 na kilomita 4 kwa saa zaidi. Watengenezaji huiachia isome juu kwa makusudi. Kwa hesabu ya umbali tumia odomita.

Ya pili ni kuchakaa. Tairi jipya lenye kashata za mm 8 likifika mm 1.6 limepoteza karibu mm 13 za kipenyo, kama asilimia 2. Linazunguka mara kumi zaidi kwa kila kilomita. Ya tatu ni kubadili saizi: ukitoa 195/65R15 ukaweka 205/65R15, gari linakwenda asilimia 2 mbali zaidi kuliko odomita inavyodai.

Acha hapo na mwone fundi ikiwa taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki) imewaka baada ya kubadili tairi, ikiwa tairi lina uvimbe ubavuni, au ikiwa gari linalovuta magurudumu yote manne limefungwa saizi tofauti. Mfumo wa ABS huhesabu mizunguko ya kila gurudumu na kulinganisha. Ukiuletea magurudumu yasiyolingana unaudanganya kwenye breki, na hapo si suala la hesabu tena. Usikubali pia mtu akurekebishie odomita kwa kurudisha namba nyuma ili "ilingane". Tairi ndilo la kurekebishwa.

Dalili: umehesabu miguu ya mpanda baiskeli

Pedeli si gurudumu. Ikiwa mbele kuna meno 44 na nyuma 18, mzunguko mmoja wa pedeli ni mizunguko 2.44 ya gurudumu. Tena baiskeli ikishuka mlima pedeli zimetulia na gurudumu linaendelea. Hesabu kwenye gurudumu.

Dalili: jibu limepungua mzunguko mmoja kamili

Hii hutokea pale gurudumu linapoviringishwa juu ya ukingo wa duara jingine, kama gia juu ya gia. Chukua sarafu mbili za shilingi 200. Laza moja mezani uishikilie, viringisha nyingine kuizunguka pembeni bila kuteleza. Mizingo ni sawa, hivyo unatarajia mzunguko mmoja. Tazama sura iliyo kwenye sarafu: ikifika nusu ya safari tayari imesimama wima tena. Ikirudi ilipoanza imezunguka mara mbili.

Sababu ni kwamba umbali unaohesabika ni ule uliosafiriwa na kitovu cha gurudumu, nacho kimepita kwenye duara pana zaidi, lenye nusukipenyo cha yote mawili yakijumlishwa. Kwa nje ongeza mzunguko mmoja. Likiviringika kwa ndani, punguza mmoja. Mtihani wa SAT, wa kujiunga na vyuo nchini Marekani, mwaka 1982 uliuliza hivyo kwa duara lenye nusukipenyo kilicho theluthi ya kile cha jingine, na katika majibu yaliyotolewa ya kuchagua, lile sahihi, 4, halikuwamo. Wanafunzi watatu waliandika kulieleza kosa, na swali likafutwa. Kwa baiskeli inayozunguka uwanja wa mpira nyongeza hii haihusiki, kwa kuwa ekseli yake imelala. Pale gawanya njia iliyopitwa kwa mzingo kama kawaida.

Ambapo baiskeli na tepu yako havitoshi

Gurudumu la kupimia lenye mpini, lile la wakandarasi wa barabara, mara nyingi lina mzingo wa mita moja kamili, kwa hiyo kila mzunguko ni mita. Ni zuri kwa kukadiria waya au mabomba. Kwa mpaka wa kiwanja halifai. Linafuata mwinuko wa ardhi, na kwenye mwinuko wa m 10 kwa kila m 100 linasoma m 100.5, wakati ramani za viwanja hupimwa kwa usawa. Nusu mita imetosha kuvunja ujirani. Mwite mpima ardhi aliyesajiliwa kabla nguzo haijachimbiwa.

Na ikiwa unapima mbio ambazo muda wake utatambuliwa, mtafute mpimaji aliyeidhinishwa na chama cha riadha. Naye hutumia baiskeli, pamoja na kihesabio cha Jones Counter kwenye gurudumu la mbele, kilichobuniwa Marekani mwaka 1971. Hupima kwanza mstari wa mita 300 au zaidi kwa tepu ya chuma, hupita juu yake mara nne kabla ya kazi na mara nne baada ya kazi, siku hiyohiyo, ili kujua joto limeliongezea tairi kiasi gani. Njiani hupita sm 30 kutoka ukingoni, njia fupi ambayo mkimbiaji anaweza kuipata. Kisha huongeza moja ya elfu ya umbali ili njia isije ikapungua: kwa marathoni ya km 42.195 ni mita 42, kama mizunguko 20 kati ya elfu ishirini na ushee. Kwa kasi aliyokimbia Kelvin Kiptum alipoweka 2:00:35 mjini Chicago mwaka 2023, mita hizo 42 ni sekunde 7.